Majibu Niliyoyapunguza Koridoni

Nimefundisha wauguzi vijana kwa miaka mingi, na wanachosema juu yangu ni kwamba sina aibu. Nasimama mbele yao na kutamka "uchafu unaotoka ukeni" kwa sauti ile ile ninayotamkia "kikohozi". Nikiwauliza, wananijibu huku wakitazama viatu vyao. Nawaambia wainue macho, waseme tena. Wanacheka, baadaye wanazoea, na nafurahi wanapozoea. Hawajui kwamba kila ninapofika kwenye somo la maumivu ya tumbo la chini kwa wanawake, natamani niliruke.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, muuguzi mkunga niliyetoka chuoni juzi juzi, nilipopangiwa zahanati ya kijiji kimoja upande wa Matema, kati ya mashamba ya mpunga na ziwa. Ilikuwa miaka ile biashara zilipoachiwa huru. Mitumba ilianza kufika hata kwetu, vijana walivuka mpaka kwenda Malawi na kurudi na vitenge, na kila kijiji kilichopata barabara kilipata na duka la dawa. Huko mtu aliweza kununua vidonge vya rangi mbili viwili au vinne, kama anavyonunua pipi. Sisi zahanati dawa zetu zilikuja kwa sanduku mara moja kwa mwezi, na mto ukijaa sanduku lilichelewa.

Jengo lenyewe lilikuwa na vyumba viwili vya kuonea wagonjwa, kimoja kila upande wa korido. Chumba kimoja kilikuwa cha tabibu, kingine changu, chenye kitanda cha kuzalishia na kabati la sindano. Tabibu alikuwa mzee wa kanisa, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Kila mtu alimwita Dokta. Alikuwa mzaliwa wa kijiji kile kile, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa.

Kwa Wanyakyusa, ukiwa baba, mke wa mtoto wako hakukaribii. Akikuona njiani anaingia shambani mpaka upite. Hakutazami usoni, hatamki jina lako, hasemi mbele yako. Hiyo ndiyo kutila, na mwanamke aliyelelewa vizuri huifanya bila kufikiri, kama anavyofumba jicho vumbi linapopulizwa. Heshima hiyo haiishii kwa baba mkwe mwenyewe. Inawafuata na ndugu zake wa kiume. Dokta alikuwa na ndugu wengi, na ndugu zake walikuwa na watoto wa kiume wengi, kwa hiyo karibu nusu ya wanawake vijana wa kijiji walikuwa wakwe zake. Angewatibu vipi?

Alikuwa amebuni njia yake kabla sijafika. Mkwe akija, aliingia chumba cha muuguzi kwa mlango wa nyuma. Dokta alibaki chumbani kwake, akageuza kiti chake akatazama dirisha ili mgongo wake ndio uelekee mlango. Muuguzi alimuuliza mgonjwa, akavuka korido, akampa Dokta majibu, akarudi na maswali mengine. Mara nyingine tulivuka mara tano kwa mgonjwa mmoja. Alikuwa akijivunia utaratibu huo, na alikuwa na haki. Malaria, vichomi, majipu, mimba zilizochelewa, vyote vilipita pale koridoni salama. "Wewe ni mdomo wao na sikio langu," aliniambia siku ya kwanza. "Usiongeze, usipunguze."

Mwanamke ninayemkumbuka alikuja asubuhi moja akiwa na wifi yake. Alikuwa ametoka familia ya wafinyanzi wa kando ya ziwa, akaolewa na mtoto wa ndugu yake Dokta, kijana ambaye Dokta mwenyewe alimlea tangu baba yake alipofariki. Niliwaona kupitia dirisha wakija. Alitembea ameinama kidogo, hatua fupi fupi, mkono mmoja chini ya kitovu. Nilipomkaribisha kwenye benchi hakukaa. Aliegemea ukuta.

"Sista, tutazamie huyu," wifi yake akasema. "Siku hizi anatembea kama bata mwenye yai."

"Ungekuwa nalo wewe, ungekuwa umeshaamsha kijiji kizima," mgonjwa akamjibu, naye akacheka kidogo, kisha akashika tumbo kwa sababu kucheka kulimuuma.

Wifi alienda kukaa nje. Nilimuuliza maswali ya kwanza, nikavuka, nikamwambia Dokta kuwa tumbo linauma chini, pande zote mbili, na ana homa kidogo. Dokta hakugeuka. Alisema taratibu, akitazama dirisha, kama mtu anayesoma orodha aliyoikariri: nimuulize kama anatokwa na uchafu, una rangi gani, una harufu gani. Nimuulize kama anaumia anapokutana na mumewe. Nimuulize kama anaona damu siku zisizo zake. Nimuulize kama mume naye aliumwa.

Nilimuuliza yote. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu sehemu hiyo niliifanya vizuri. Nilisimama karibu naye, nikateremsha sauti, nikamwambia hakuna swali la kumtukana hapa.

Alifikiri kwanza, kisha akajibu bila kuficha. Uchafu ulikuwepo, wa manjano, kama maji ya mchele yaliyolala, na harufu yake ilimfanya aoge mara tatu kwa siku ziwani. Akiwa na mumewe alikuwa anang'ata kanga ili asipige kelele. Damu aliiona mara mbili, na mkojo nao ulimuuma. "Na mume," alisema, "alirudi safari ya Malawi akawa analia akienda kukojoa. Akanunua rangi mbili dukani, akapona. Mimi hakuninunulia."

Kisha akaniuliza yeye. "Sista, hii itanizuia kuzaa? Huu ni mwaka wa tatu sijashika mimba. Wameanza kumwambia mume wangu atafute mwingine."

"Tutakutibu," nikasema. "Utazaa."

Nikaingia koridoni. Ni hatua tisa toka kitanda changu hadi kiti cha Dokta, nilizihesabu baadaye mara nyingi. Hatua za kwanza nilikuwa na majibu yote kichwani kwa mpangilio. Kisha nikaanza kuyasikia jinsi yatakavyosikika. Mzee yule alikuwa wa rika la baba yangu. Alinisalimia kila asubuhi kwa Kinyakyusa kama binti yake. Nami niende nimwambie kuhusu uchafu wa mke wa mwanawe, na kitandani kwao, na jinsi mwanawe alivyokuwa analia chooni? Nilijiona nimesimama nyuma ya mgongo wake nikiyasema hayo, na uso ukaniwaka.

Nilifika, nikasema, "Mkojo unamuuma pia."

"Na yale mengine?"

"Hamna."

Alichukua kalamu. "Hamna hata moja?"

"Hamna, Dokta."

Alivuta pumzi, na nadhani ilikuwa pumzi ya mtu aliyetua mzigo. Akasema basi itakuwa njia ya mkojo, au kichocho cha ziwani, tuanze na mkojo. "Kama hayo hamna, usimsumbue kumpima kwa ndani." Akaandika vidonge kwa mwandiko wake mzuri, nami nikarudi nikampa mgonjwa, nikamweleza jinsi ya kuvimeza, nikamsisitizia anywe maji mengi. Nilimweleza vizuri sana.

Wewe unayesoma huenda hujui nilichokuwa nimekificha, kwa hiyo nikueleze. Vijidudu vinavyopatikana kwa kukutana kimwili huanza chini. Visipotibiwa, hupanda kupitia mlango wa kizazi, huingia kwenye mfuko wa uzazi, hufika kwenye mirija ile myembamba inayopitisha yai. Huko huleta uvimbe na usaha. Mrija ni mwembamba kama uzi wa kushonea gunia, na kovu dogo tu linatosha kuuziba. Zahanati kama yetu haikuwa na mashine ya kuonyesha hayo, na hata hospitali kubwa hakuna kipimo kimoja kinachojibu kila kitu. Ugonjwa huu hutambuliwa kwa maswali, na kwa mkono wenye glovu unaogusa mlango wa kizazi taratibu na kuona kama mgonjwa anaruka kwa maumivu. Majibu ya mwanamke ndiyo kipimo chenyewe. Akijibu ndiyo, na hana mimba, unaanza dawa siku ile ile bila kungoja uhakika, sindano na vidonge vya aina zaidi ya moja kwa wiki mbili kamili, na mume naye anatibiwa hata kama anajiona mzima. Ukifanya hivyo mapema, wengi hupona vizuri. Ndiyo maana nasema, kama una maumivu hayo, nenda, na ukiulizwa, jibu. Aliyekuuliza akiona haya, hiyo ni kazi yake kuishinda.

Dokta alijua haya yote. Alikuwa ameuliza maswali yaliyo sahihi, na mgonjwa alikuwa ametoa majibu yaliyo sahihi.

Baada ya siku kama kumi mgonjwa yule alipita zahanati akielekea sokoni na vyungu vyake kichwani. Aliniambia ndaga, yaani ahsante, kwamba mkojo umetulia. Alikuwa bado anatembea kwa hatua fupi. Nikamwuliza tumbo. Akasema, "Lipo, lakini nalizoea."

Hapo ningeweza kurekebisha. Ingenibidi niingie chumba cha pili niseme, Dokta, nilikudanganya. Badala yake nilimvuta pembeni, nikamnong'oneza apite duka la dawa anunue rangi mbili. Alinunua nne, kwa kuwa ndizo alizoweza. Nilijua nne hazitoshi. Nilijua dawa ya nusu hunyamazisha maumivu na kuuacha ugonjwa ukiendelea ndani, na kwamba mumewe, ambaye naye hakutibiwa kikamilifu, angemrudishia hata kama angepona. Nilijiambia nimefanya kitu. Usiku huo nililala vizuri, na hilo nalo linaniaibisha.

Walimleta wakati wa kuvuna mpunga, mchana, juu ya baiskeli. Mume alikuwa safarini. Shemeji yake alisukuma, wifi alimshika mgongoni. Alikuwa ameanguka akikanda udongo. Nilipomgusa alikuwa wa moto, na tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao. Tukamlaza kwenye kitanda cha kuzalishia. Nikavuka korido, nikamweleza Dokta, naye safari hii akatoka chumbani kwake. Alisimama koridoni, hatua moja kutoka mlango wangu uliofungwa nusu, uso wake ukielekea ukutani. Mle ndani mgonjwa alisikia sauti yake. Pamoja na homa ile, alivuta kanga akafunika uso.

Dokta alikuwa akiwaza kwa sauti. Inaweza kuwa kidole tumbo. Inaweza kuwa mimba iliyotunga nje na kupasuka, lakini hana weupe wa mtu anayevuja damu. "Sista," akasema, "mara ile ya kwanza ulimuuliza maswali yangu yote?"

"Ndiyo."

"Akasema hamna."

Mlango ulikuwa wazi nusu. Nilijua mgonjwa ananisikia. Nilijua pia kwamba hawezi kusema mbele ya mzee yule, na kwamba kama kuna mdomo wa kumsemea, ni wangu. Nami nikasema, "Ndiyo. Alisema hamna."

Nimewahi kufanya makosa mengine kazini. Hili ndilo linalonifanya nitamani kuliruka somo lile.

"Nilisema."

Sauti ilitoka ndani, chini, kavu. Wifi yake akamziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza, baba yupo hapo." Nikaona mgonjwa anaushika mkono ule, anauondoa, kanga bado iko usoni. "Nilisema yote," akasema. "Huyu alinisikia."

Katika miezi yote niliyokaa pale sikuwahi kusikia mkwe akisema mbele ya Dokta. Wifi alianza kulia, nafikiri kwa hofu zaidi kuliko huzuni. Dokta aliweka kiganja chake ukutani. Hakunigeukia.

"Sema sasa," aliniambia. "Yote."

Nikasema. Uchafu, rangi, harufu, maumivu kitandani, damu, safari ya Malawi, kijana wake aliyekuwa analia chooni na kununua vidonge vyake peke yake. Niliyasema nikiwa nimesimama kati yao wawili, kila mmoja akinisikia. Muda wake ulikuwa mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu. Mzee hakuvunjika, wala hakunitazama kwa namna yoyote mbaya. Aliitikia kwa kichwa kila nilipomaliza jambo moja, kama anavyofanya daktari yeyote anayepata anachohitaji.

Alitaja sindano, nikazichoma. Akaandika barua. Pikapu iliyokuwa ikipakia magunia ya mpunga ikashushwa magunia, tukamlaza, nami nikaenda naye hadi hospitali Kyela, nikiwa nimekishika kichwa chake mapajani kila gari lilipoingia shimoni. Alifanyiwa upasuaji jioni ile. Walitoa usaha mwingi, na mrija mmoja uliokuwa umeharibika kabisa. Mwingine waliuacha, ingawa ulikuwa umeshikana na nyama za jirani yake. Alimaliza wiki mbili za dawa hospitalini. Mume aliporudi safari, Dokta alimwita mwenyewe na kumkalisha kwenye benchi la wagonjwa pamoja na wengine, naye akatibiwa kikamilifu.

Mimi Dokta aliniita siku niliyorudi. Sikukaribishwa kiti. "Ulidhani unanitunzia heshima," alisema. "Nilikuweka wewe katikati ili heshima isimdhuru mtu." Hakuandika barua ya kunishtaki kwa wakubwa. Nilitamani angeandika. Kijijini, wanawake wa ukoo walisema yule binti akipona apeleke kuku kwa Dokta kuomba radhi kwa kusema mbele yake. Nilikaa nao, nikala nao, sikufungua mdomo kusema kwamba anayestahili kupeleka kuku ni mimi. Baadaye nilisikia Dokta alikataa kuku huyo.

Ilinichukua miezi mitatu kwenda kwa yule mwanamke. Nilimkuta nyuma ya nyumba, miguu ameinyoosha, anafinyanga. Mumewe alikuwa upande wa pili wa ua, anageuza mbegu za kakao kwenye mkeka. Alinipa kigoda. Nikamwambia nimekuja kusema nilichofanya, na kwa nini. Nikasema niliona haya kumpelekea mzee maneno yale. Sikuwa na sababu nyingine.

"Nilijua siku ile ile," akasema. Alikuwa anazungusha chungu kwa mkono mmoja na kukilainisha kwa mwingine. "Ukuta wenu ni mwembamba. Nilisikia ukisema hamna, mara mbili."

"Mbona hukunikatalia niliporudi?"

"Nilidhani una maana yako. Wewe umesoma."

Alinyunyiza maji juu ya udongo, akaendelea kidogo, kisha akasimamisha mikono.

"Sasa niambie. Nitazaa?"

Nilikuwa nimeshamjibu swali hilo mara moja, kwa neno moja, ili tu nitoke chumbani. Nikavuta kigoda karibu. Nilimwambia mirija ilikuwa miwili na sasa ni mmoja. Nilimchorea ardhini kwa kijiti, nikamwonyesha yai linapopita na mahali kovu linapokaa. Nikamwambia uliobaki umeshikana, kwamba wapo wanawake waliopata mimba na mrija wa namna hiyo, lakini nafasi ni ndogo sana, na asiwaruhusu waganga wala watu wa kanisa wamwambie ni kubwa. Nikamwambia mimba ikishika, aje mapema, kwa sababu inaweza kutunga mahali pabaya. Nikamwambia kuwa kama ningepeleka majibu yake siku ile, nafasi ingekuwa kubwa zaidi. Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba hata ile ndogo haikuwapo, lakini siku hiyo hatukujua, na nilimpa kile tulichokijua.

Alitazama mchoro. Hakulia. Akaifuta mikono yake kwa majani.

"Subiri," akasema. Akamwita mumewe. Mume alikuja, akasimama, mikono nyuma, vumbi la kakao kwenye magoti. "Mwambie na huyu," akaniambia. "Vilevile ulivyoniambia. Nisije nikambebea maneno haya mimi."

Nikaanza tena, tangu mwanzo, nikimtazama mume usoni. Nilipofika kwenye safari ya Malawi aliinamisha kichwa.

"Na kama siku ile ningemgawia vile vidonge?" akauliza.

"Visingetosha," nikasema. "Lakini kama ungemleta zahanati, na mimi nikasema ukweli, angetibiwa akiwa bado na mirija yote miwili."

Alichuchumaa pale pale alipokuwa amesimama.

"Endelea, sista," mkewe akasema. "Hujafika kwenye kovu."

Nikaokota kijiti, nikaendelea.